Mdogo wangu anasema kokeni haimpi raha tena ila miguu inajipeleka, hii ni kitu gani?

Dada Mkubwa wa Tabata

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mnivumilie uzi ni mrefu, nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta tangu Jumapili, leo nimeamua niuweke hivi hivi.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 33, amenifuata ziwa. Alikuwa dereva wa lori, anapiga Dar Arusha Namanga, na mirungi aliianzia huko huko barabarani. Mwanzoni hata hatukushtuka jamani nisiwe muongo, alikuwa anasema akifika Same anachukua kifungu chake anakula gomba taratibu hadi Chalinze hajasinzia, bosi anataka mzigo ushuke asubuhi, na hela ilikuwa inafika nyumbani kwa hiyo tukakaa kimya. Baadaye akapinduka karibu na Mombo, hakufa mtu namshukuru Mungu, ila kazi ikaishia pale. Karudi mjini kapewa bajaji ya mtu ya hesabu, na huku mtaani washkaji wakamwonyesha kokeni ya kuvuta. Huu mwaka wa 4 sasa.

Tumejaribu yote. Mimi nilimwahidi akikaa safi miezi 3 natoa hela yangu ya kikoba, mama anaongezea, tunamnunulia bajaji yake mwenyewe aachane na ya watu. Alilia kwa furaha, machozi kabisa, hakumaliza hata wiki 2. Baba mdogo akaja na njia yake, akampiga, akamwitia polisi, akalala mahabusu siku 3, ametoka jioni na usiku ule ule alikuwa kijiweni. Mke wake ameondoka na mtoto. Tukamlipia soba hausi miezi 4 nje ya mji, alinenepa, anacheka, anaamka alfajiri anafagia uwanja, tukasema haya sasa tumempata. Siku ya 3 tangu arudi nyumbani akaanza tena.

Sasa wiki iliyopita nilimkuta amekaa ngazi za nyuma, hajavuta, ametulia, nikakaa pembeni yake nikamuuliza kwa upole kabisa, hivi mdogo wangu unapata nini mle? Akaniambia "Dada sipati kitu, raha yenyewe iliisha mwaka juzi. Nikishamkabidhi bosi hesabu saa 12 jioni nikipita pale kwa muuza kahawa nashtukia nishafika, miguu inajipeleka." Sikulala siku hiyo. Kama haipendi na anaona mke hayupo mtoto hayupo, kwa nini anaenda? Ananidanganya, au kuna kitu kinaitwa hivyo kweli?

Na la pili linaloninyima usingizi, marehemu baba alikuwa mtu wa pombe na kamari. Mimi mwenyewe nikishaamua kitu sisubiri, nakopa leo najuta kesho. Mwanangu wa kiume ana miaka 14 ndiyo hivyo hivyo, akitaka ametaka. Hii kitu inatembea kwenye damu?

Mzee wa Keko

Dada pole ila nitasema ukweli, mnamdekeza. Hayo maneno ya miguu inajipeleka ndiyo lugha yao wote. Mimi nilivuta sigara miaka 20, siku daktari kaniambia mapafu nikaweka pakiti chini sijaigusa tena. Mtu akiona uchungu wa kutosha anaacha. Mfungieni mlango alale nje, siku akikosa pa kula akili itarudi.

Konda Mstaafu

Dada Mkubwa pole sana. Nilikuwa konda wa daladala Mbagala Kariakoo, nina miaka 9 sijagusa kitu. Nilianza na mirungi nikaja kwenye kokeni na unga (heroini) nao niliupitia, kwa hiyo ninachosema nimekipitia kwenye mwili wangu mwenyewe.

Kwanza kabisa mdogo wako hajakudanganya, naomba uanzie hapo maana mkianzia kwenye uongo hamtafika popote. Watu wanajua arosto ya unga, ile ya kutapika na kuharisha mifupa inauma, mtu unamwona kabisa huyu anaumwa. Ya kokeni haiko hivyo. Stimu zikikata unalala, ukiamka unakula kama umefunga mwezi mzima, halafu inakuja huzuni moja nzito ambayo huwezi kuisema ni ya nini, siku ya 5 ya 6 mwili umetulia na nyumbani wanakwambia umepona. Mwili umetulia kweli, ila kile kitu kimekaa kimya tu kinakusubiri njiani.

Mimi kilichokuwa kinaniita siyo kokeni yenyewe, ni vitu vidogo vidogo. Mlio wa sarafu, maana konda unachezesha sarafu mkononi siku nzima na jioni sarafu hizo hizo ndizo zinaenda kununua kete. Mlio wa kiberiti. Saa 1 usiku gari ikishapaki. Harufu ya plastiki ikiungua, mtu anachoma takataka zake nyumba ya 3 huko na mimi mate yananijaa. Kulikuwa na kibaraza kimoja cha bluu, nikikiona kwa mbali tu tumbo linakoroga nataka kwenda chooni, hapo sijanunua kitu, hata hela sina. Ulishawahi kuona mtu anatokwa jasho kwa sababu ya kibaraza? Ndiyo ilivyokuwa. Na nilikuwa nalia huku natembea kwenda, nalia kabisa, watu wananiangalia, na sirudi.

Nilijaribu kuacha kokeni mara nyingi nikashindwa, mpaka siku niliyoacha njia. Niliacha ukonda, hakuna mtu aliyenielewa maana ndiyo ilikuwa inalisha watoto. Nikavuka maji nikahamia Kigamboni kwa mjomba, nikabadilisha laini ya simu, malipo yangu yote yakawa yanakwenda kwa mke wangu moja kwa moja mimi sishiki noti, na ile saa 1 ya usiku, ile saa yenyewe, mjomba akaniweka kwenye karakana yake najifunza kuchomelea hadi saa 3. Saa 1 ilikuwa lazima iwe na kitu ndani yake, ukiiacha tupu inajazwa na kile cha zamani. Mwaka wa kwanza nilianguka mara 3, zote siku niliyopewa hela mkononi na mtu asiyejua.

Soba hausi siipondi, iliniokoa. Ila mnamtoa mtu kule amenenepa mnamrudisha kwenye chumba kile kile, bajaji ile ile, saa 12 ile ile na muuza kahawa yule yule. Kule hakukuwa na kona ya kahawa, kwa hiyo hakuna mahali alipojifunza kuipita.

Sista Zamu ya Usiku

Nimetoka kazini sasa hivi nikasema nisilale kabla sijajibu huu uzi. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Dar, mwaka wa 11 huu. Konda Mstaafu amesema mambo ambayo sisi tunachukua semina nzima kuyaeleza.

Dada, hicho alichokwambia mdogo wako kwenye ngazi kina maelezo na kimepimwa. Ubongo wetu una namna 2 za kufanya kitu. Ya kwanza unafanya kwa sababu unataka matokeo yake, una kiu kwa hiyo unakwenda kwenye mtungi. Ya pili unafanya kwa sababu ishara imetokea, wala matokeo huyafikirii, kama umehama nyumba mwezi uliopita na jioni umechoka ukajikuta umeshuka kituo cha zamani. Hiyo ya pili ni mazoea na kwa kawaida inatusaidia, bila hiyo hata kufunga kamba za viatu ingekuwa kazi ya nusu saa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Cambridge kule Uingereza waliwafundisha panya kubonyeza kitufe wapate vidonge vya sukari. Wengine wakafundishwa kidogo, wengine sana. Halafu ile sukari ikaunganishwa na dawa ya kichefuchefu mpaka panya wote wakaichukia, ukiwapa hawali. Wakarudishwa kwenye kitufe. Waliofundishwa kidogo hawakuwa na habari nacho tena, ila waliozoea sana waliendelea kubonyeza, wanabonyeza kitufe cha kitu ambacho wanakikataa ukiwapa. Nikisoma maneno ya mdogo wako namuona yule panya, na nasema hivyo kwa huruma siyo kumdharau.

Kokeni na ndugu zake wanafanya huu mchakato uende kasi. Kila dozi inamwaga dopamini nyingi kuliko chakula au kitu chochote cha kawaida kinavyoweza, na dopamini ni kemikali ya ubongo, ndiyo inayoandika kwenye ubongo kwamba hiki ulichofanya sasa hivi kirudie. Mwaka 2005 Everitt na Robbins, pia wa Cambridge, walieleza jinsi usukani unavyohama. Mtu anaanza na sehemu ya chini ya eneo linaloitwa striatamu, hiyo inahusika na raha na kutamani, halafu taratibu mambo yanahamia sehemu ya juu ambayo ni ya mazoea. Mwaka uliofuata Nora Volkow na wenzake kule Marekani waliwaonyesha watu wenye uraibu wa kokeni video tu ya watu wakitumia, na dopamini ikapanda kwenye ile sehemu ya juu, tena aliyepandishwa zaidi ndiye aliyekuwa na hamu zaidi. Kibaraza cha bluu cha Konda ndiyo hicho.

Na mirungi iko kwenye ukoo huo huo ingawa ina nguvu ndogo kuliko kokeni. Ndani yake kuna kathinoni, inafanya kazi kwa namna ya amfetamini, dawa nyingine ya kuchangamsha mwili, na jani likikauka inapungua nguvu, ndiyo maana wanaifunga kwenye majani ya mgomba wanaikimbiza ingali mbichi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya vitu vinavyoleta utegemezi tangu 1980 na hapa kwetu ni haramu kisheria. Sisemi kila anayekula mirungi ataishia kwenye kokeni, wengi hawafiki huko. Ila mdogo wako alijifunza barabarani kwamba uchovu na presha ya bosi vina jibu moja la haraka, na somo hilo alikuja nalo mjini.

Sasa kuhusu bajaji mliyomwahidi na zile siku 3 za mahabusu. Mwaka 2016 mtafiti Karen Ersche na wenzake walichukua watu 72 wenye uraibu wa kokeni na 53 wasiotumia. Wakawafundisha kwa picha, ukiona hii bonyeza upande huu unapata pointi. Baada ya mazoezi marefu wakaambiwa picha fulani fulani hazina pointi tena. Wale wa kokeni waliendelea kuzibonyeza hizo hizo. Kuna jaribio la pili ambapo ukikanyaga pedeli sahihi unaepuka shoti ndogo ya umeme mkononi, na hapo nako walikuwa wazito kuiepuka kuliko wenzao. Siyo kwamba hawakuelewa. Tuzo ikiondolewa mkono unaendelea, maumivu yakija mguu haukimbii. Kwa hiyo zawadi kubwa ya miezi 3 ijayo na kipigo cha baba mdogo vyote 2 vinaongea na sehemu ya ubongo ambayo saa 12 jioni haiko kwenye usukani.

Lakini naomba mnielewe vizuri hapa maana watu huishia kusema basi tuzo hazisaidii. Tuzo zinasaidia sana zikiwa ndogo, za papo hapo, za mara kwa mara. Kule Vermont, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianza kuwapa watu wa kokeni vocha ndogo kila mkojo ukipimwa safi, siyo baada ya miezi, ni siku hiyo hiyo, akiendelea vocha inakua, akianguka inarudi chini, na fedha taslimu hapewi. Mpaka leo kwa uraibu wa vichangamshi, yaani kokeni na ndugu zake, hiyo ndiyo njia yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine, na inafanya kazi zaidi ikiambatana na ushauri nasaha wa kumfundisha mtu kuzitambua ishara zake na kuwa na jibu tayari kabla hajafika kwenye kona. Dawa ya hospitali iliyothibitishwa kwa kokeni bado haipo. Nasema hili kwa sababu kila wiki napata ndugu wanaoomba methadoni. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, Mwananyamala ikafuata, zimeokoa watu wengi sana, ila ni za heroini, kwa kokeni methadoni haigusi. Msimwache kuja kwa sababu hiyo, mleteni kitengo cha afya ya akili, kuna mengi ya kufanya.

Kitu kingine kuhusu soba hausi. Panya walioachishwa kokeni mwaka 2001 walionyesha kitu cha ajabu, hamu inayoamshwa na ishara ilikuwa inapanda kwa miezi 2 ya mwanzo badala ya kushuka. Siku ya kurudi nyumbani ndiyo siku ya hatari, na familia nyingi huwa siku hiyo zinapika pilau halafu kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Msisubiri mpango wowote mkiona haya: maumivu ya kifua, moyo unakwenda mbio hautulii, anasikia sauti au anaamini watu wanamfuatilia, au ile huzuni ya stimu kukata inafika mahali anaongelea kufa. Hospitali hapo hapo, hata saa 8 usiku. Na akichanganya kokeni na pombe ini linatengeneza kitu kingine kinachoitwa kokaethilini, kinakaa mwilini muda mrefu na moyo unaumia zaidi.

La damu nitarudi jioni, macho yananifunga.

Mzee wa Keko

Sista nimesoma yote, nimerudia mara 2. Mimi nilikuwa naongea kwa ukali hapo juu na nina sababu. Mwanangu wa kwanza nilimfukuza nyumbani mwaka 2016 kwa mambo haya haya. Nilifunga mlango nikasema akiona uchungu wa kutosha atarudi. Hadi leo sijui aliko. Kwa hiyo nauliza siyo kwa ubishi, kama ni mazoea na usukani uko sehemu nyingine, mtu huyu hana kosa? Alimwibia mama yake. Nisimdai chochote?

Sista Zamu ya Usiku

Baba shikamoo, na pole sana. Sikujua unaongea ukiwa na hilo moyoni.

Swali lako ni gumu na nitajibu ninavyoliona. Saa 12 jioni kwenye kona yule kijana ana nafasi ndogo sana ya kuchagua. Saa 3 asubuhi amelala vizuri amekunywa chai ana nafasi kubwa. Kwa hiyo mimi namdai ya saa 3 asubuhi. Namdai akubali kubadilisha njia, akubali hela zishikwe na mwingine, aje kliniki Jumanne, amrudishie mama yake alichochukua hata kidogo kidogo. Siku ya kona akianguka simuulizi kwa nini huna aibu, namuuliza ilikuwaje ukapita pale.

Na mlango, Baba, kuufunga usiku ili mama asiibiwe ni ulinzi na una haki hiyo. Ila adhabu kama adhabu haikuwa na uwezo wa kumfanyia kazi uliyotegemea, na wakati ule hakuna mtu aliyekuambia. Wako wanaoonekana tena baada ya miaka. Soba hausi za Dar na za Zanzibar zimejaa vijana ambao nyumbani hawajui waliko, zungukia hata chache ukiwa na picha yake.

Dada Mkubwa, la damu sasa. Mwaka 2012 Ersche alichukua jozi 50 za ndugu, mmoja ana uraibu wa vichangamshi, mwenzake hana, akawalinganisha na watu 50 wa nje. Walipewa kazi ya kubonyeza haraka halafu kengele ikilia ujizuie. Wenye uraibu walichelewa kujizuia, na ndugu zao wasiotumia chochote walichelewa vile vile, hata kwenye picha za ubongo kulikuwa na mambo yanayofanana. Kwa hiyo ndiyo, kuna kitu mmegawana, ile ya "nikitaka nataka sasa hivi" inawezekana ni ya ukoo. Lakini angalia upande wa pili, hao ndugu 50 walikuwa na ubongo wa namna hiyo na hawakuwa waraibu. Wewe ni mmoja wao.

Miaka 2 kabla ya hapo alipima tabia 2 ambazo watu huzichanganya, papara na kupenda msisimko. Papara ilikuwa juu kwa ndugu wote 2. Kupenda msisimko, kutafuta vitu vipya vya hatari, kulikuwa juu kwa yule anayetumia peke yake. Na kwa panya mwaka 2008 ilionekana kitu cha kufanana, wale wanaochangamkia vitu vipya ndio wanaowahi kuanza kokeni, lakini wanaokuja kushindwa kuacha hata wakipigwa shoti ni wale wenye papara. Kuanza ni kitu kimoja na kunasa ni kitu kingine. Kaka wa watu anaweza kuanza kwa ushamba tu wa kutaka kujua, akanasa kwa sababu nyingine kabisa.

Halafu kuna stresi na hii ndiyo naiona kila siku kwenye faili zangu, mtu alifiwa, alifukuzwa kazi, alipigwa utotoni, ana sonona ambayo haijawahi kutibiwa. Watafiti wa Ureno walionyesha mwaka 2009 kwamba panya waliokaa kwenye stresi ya muda mrefu wanahamia kwenye mazoea, na 2012 wakapima wanafunzi wa udaktari waliokuwa wanajiandaa na mtihani mkubwa, nao wakawa wanafanya kwa mazoea bila kuangalia matokeo. Walipopumzika walirudi kawaida. Mdogo wako alipata ajali, akapoteza kazi, na mke kaondoka. Kila tukimwongezea presha tunamsukuma upande ule ule wa miguu inayojipeleka.

Mwalimu Ukonga

Dada naongezea la mtoto tu. Nimefundisha sekondari miaka 17, watoto wa "akitaka ametaka" ninao kila darasa na wengi wamekuwa watu wazima safi. Usimwambie hata siku moja kwamba unafanana na mjomba wako, hiyo nimeona ikiharibu. Mwambie ukweli kwamba kwetu sisi breki zinachelewa kwa hiyo tunaanza kukanyaga mapema. Mpe kitu cha kasi ambacho ni salama, mpira, ngoma, baiskeli. Anayechelewa kuonja ndiye mwenye nafasi nzuri, kila mwaka unaosogea bila kuonja ni faida. Na kama hatulii darasani kabisa tangu mdogo, apimwe, kuna watoto wana tatizo la umakini linatibika na wanapigwa tu viboko.

Dada Mkubwa wa Tabata

Wakuu nimerudi, ni wiki 5 zimepita, nilisema nisiandike mpaka niwe na cha kusema.

Nilimsomea mdogo wangu huu uzi wote asubuhi moja, saa 3, ameshakunywa chai kama Sista alivyosema. Alipofika kwenye kibaraza cha bluu aliniomba nirudie. Akaniuliza huyu mtu yupo kweli? Konda nashukuru sana kwa inboksi na kwa zile Jumamosi 2 ulizovuka maji kuja kumuona, Mungu akulipe mimi siwezi.

Tulichofanya. Bosi wa bajaji nilikwenda mwenyewe nikamweleza, nilikuwa naogopa atamnyang'anya, kumbe na yeye alizika mdogo wake. Amekubali hesabu itumwe kwa simu saa 10 jioni na bajaji inalala kwa mama Segerea, kwa hiyo ile kona haipo kwenye njia tena. Inayobaki inaingia kwangu, yeye anabaki na ya mafuta. Saa 12 anamfuata mwanangu uwanjani, anawafundisha wale watoto kudaka, alikuwa golikipa zamani mnajua, tulishasahau. Kila Jumanne yuko kliniki na mama au mimi tunakwenda naye.

Na ile bajaji ya miezi 3 tumeiacha. Nilikaa nikafikiria tuzo ndogo ya siku hiyo hiyo ambayo siyo hela, nikapata wazo la tofali. Ana kipande chake cha kiwanja Chanika alinunua enzi za lori, hakuwahi kuweka hata msingi. Kila siku ikiisha salama jioni hiyo hiyo tunakwenda wote kwa fundi hapo mtaani nalipia tofali 1, analibeba mwenyewe begani analipanga nyuma ya jiko. Siku akianguka hakuna tofali, na hakuna matusi, kesho yake tunaanza.

Ameanguka siku 4. Moja ilikuwa msiba, watu wakampa hela ya kununua maji ya waombolezaji, sikuwepo. Ya pili na ya tatu zimefuatana, mke wake alipiga simu ya talaka. Ya 4 hajui, anasema alipita tu, nikamuuliza ilikuwaje ukapita pale, tukakuta alikuwa amempeleka abiria mitaa ile. Sasa abiria wa mitaa ile anawakataa.

Bado anaamka usiku anakaa kwenye zile ngazi. Nami nakwenda nakaa.

Matofali yako 31. Jana jioni nimesikia maji yanamwagika nyuma nikadhani bomba limepasuka, kutoka nje namkuta ameshika ndoo anayamwagilia yasipasuke.